Mimi Ni Maskini, Nitamsaidia Nani?



Kuna neno moja ambalo yamkini kila mmoja wetu amekwisha kulisema, au amelifikiri moyoni bila kulitoa mdomoni. Neno lenyewe ni hili: "Mimi mwenyewe ni maskini. Nitamsaidia nani?" Twalisema tunapomwona mjane ambaye paa la nyumba yake linavuja. Twalisema jirani anapougua, na njia ya kwenda hospitali ni ndefu. Twalisema wakimbizi wanapopita barabarani, vitu vyao kichwani. Kisha twaongeza: "Serikali iko. Misioni iko. Watu wenye magari meupe wako. Kazi yao ni nini?"

Leo nataka tulipime neno hili pamoja. Sitaki kuwahubiri, kuhubiri ni kazi ya padri siku ya Dominika. Nataka tufikiri tu, kama watu wenye akili. Je, neno hili ni la kweli? Je, mtu asiye na mali amesamehewa wajibu wa kumsaidia mwenzake? Na kama hakusamehewa, aanzie wapi?

Nitaanza na jambo lililonipata mimi mwenyewe, wala halinipi sifa.

Mlango uliofunguliwa na mlango uliofungwa

Mwaka 2002, mwezi wa Oktoba, vita viliingia Mambasa. Watu wazima wanakumbuka, na vijana wameambiwa. Askari wa majeshi mawili yaliyoungana, MLC na RCD-N, waliuteka mji huu kutoka mikononi mwa RCD-K/ML. Wenyewe waliipa kazi yao jina la Kifaransa lenye maana ya "kufuta ubao", kana kwamba sisi watu tulikuwa maandishi ya chaki. Walipora, walinajisi, waliua. Na Bambuti wa msituni waliteswa vibaya sana. Maelfu ya watu walikimbia, wakashika njia ya Beni. Mimi na jamaa yangu tulikuwa kati yao.

Tulitembea siku nyingi. Jioni moja mtoto wetu wa pili alikuwa na homa kali, na mvua ilikuwa inakuja. Tulifika katika kijiji kimoja upande wa Mangina. Bibi mmoja, Munande, alikuwa akitwanga sombe mbele ya nyumba yake. Hakutujua, nasi hatukumjua. Lugha ya nyumbani kwake si lugha ya nyumbani kwetu. Alimtazama mtoto, kisha akamwambia mke wangu kwa Kiswahili, "Mwanangu, ingia, tumwogeshe kwa maji ya moto." Usiku ule alituachia chumba chake, yeye akalala jikoni. Tulikaa kwake miezi mitatu. Mali yake yote ilikuwa shamba dogo la mihogo, kuku wachache na sufuria mbili. Sufuria moja alitupa sisi.

Sasa sikilizeni sehemu ya pili. Tulirudi Mambasa, tukajenga tena, watoto wakakua. Kisha wauaji wa ADF, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakiwachinja watu wa upande wa Beni, wakaanza kuingia Irumu, na tangu mwaka 2021 wakazidi kuja hata katika vijiji vya Mambasa. Watu wakakimbilia kwetu mjini. Usiku mmoja mtu mmoja alisimama mlangoni pangu, pamoja na mke wake na watoto watatu. Alisema wametoka upande wa Komanda. Nilimwuliza maswali mengi. Wewe ni kabila gani? Nani anakujua hapa? Mbona unakuja usiku? Alijibu yote, lakini sikumwamini, kwa kuwa ilisemwa kwamba wauaji hutanguliza wapelelezi. Mwisho nikamwambia, "Ndugu, nenda kanisani, huko watakupokea." Nikafunga mlango.

Mvua ilinyesha usiku ule. Mke wangu hakuniambia neno. Asubuhi, alipokuwa akiwasha moto, alisema jambo moja tu: "Yule bibi hakutuuliza kabila."

Hapo ndipo nilipoanza kupima maneno yangu.

Maneno tunayojifichia

Nilipojichunguza niliona kwamba kuna maneno manne ambayo mtu hujifichia nyuma yake asipotaka kusaidia. Haifai kuyacheka yote, maana mengine yana ukweli ndani yake.

Neno la kwanza ni "Sina kitu". Hili ni dhaifu kuliko yote. Yule bibi alitupa nini? Alitupa mahali pa kulala, maji ya moto, sufuria, na neno "mwanangu". Katika hayo manne, ni sufuria tu iliyonunuliwa dukani. Mtu anayesema "sina kitu" anafikiri kwamba msaada ni fedha. Lakini tazama: mgonjwa akizidiwa kijijini, na mvua imeharibu njia hata pikipiki haipiti, nani atamfikisha hospitalini? Atafikishwa kwa kipoyi. Na kipoyi chataka nini? Chataka miti miwili, kamba, blanketi, na wanaume wanane: wanne wa kubeba na wanne wa kuwapokea wakichoka. Hakuna hata mmoja katika wale wanane anayeulizwa fedha zake ziko wapi. Anaulizwa kama ana mabega.

Neno la pili ni "Nikimsaidia mmoja, kesho watakuja kumi". Hili si uongo. Watakuja. Lakini kumbukeni ule mfano wa Msamaria, ambao sote tumeusikia tangu utoto. Yule mtu hakujenga hospitali katika njia ya Yeriko. Hakuacha safari yake milele. Alimfunga vidonda mtu mmoja aliyemkuta, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka katika nyumba ya wageni, akamwachia mwenye nyumba fedha, naye akaendelea na safari. Yaani alifanya fungu lake, halafu akamwingiza mtu mwingine katika kazi ile. Mara nyingi twasahau yule mwenye nyumba ya wageni. Lakini bila yeye majeruhi angelala wapi? Basi, hatudaiwi kubeba mzigo wote wa dunia. Twadaiwa fungu letu, na kumwita mwenzetu achukue lake.

Neno la tatu ni "Si mtu wetu". Ndugu zangu, hapa Mambasa nani ni "mtu wetu"? Wako Babila, wako Balese, wako Bandaka, wako Babudu, wako Banande, wako Bambuti waliokuwa msituni kabla yetu sote. Barabara hii inayotoka Komanda kwenda Kisangani imetuleta wengi wetu. Ambaye leo ni mwenyeji, jana babu yake alikuwa mgeni. Na ambaye leo ni mwenyeji, kesho aweza kuwa mkimbizi. Sisi tulijifunza hivyo mwaka 2002 katika siku moja.

Neno la nne ni "Naogopa". Hapa nawaomba tusimame kidogo, maana hili si neno la kipumbavu.

Juu ya woga

Baba ana wajibu wa kuwalinda watoto wake. Huo nao ni wajibu wa kweli, wala hakuna upendo unaoufuta. Na hatari si hadithi. Tarehe 27 Julai 2025, huko Komanda, watu waliokuwa kanisani katika mkesha wa sala walivamiwa usiku. Umoja wa Mataifa ulihesabu wafu 43 kwa uchache, kati yao watoto tisa. Baada ya mambo kama hayo, nani atamlaumu mtu anayeogopa kufungua mlango usiku?

Basi je, nilifanya vema kuufunga? Nilifikiri jambo hili muda mrefu. Nikisema "nilifanya vema", namwona yule bibi na sufuria yake. Nikisema "nilifanya vibaya", nawaona watoto wangu wamelala. Nilikuwa kama mtu aliyewekwa katikati ya wajibu miwili, kila mmoja ukimvuta mkono.

Mwisho nikaona jambo ambalo sikuliona mwanzo. Woga wangu ulikuwa mkubwa kwa sababu nilikuwa peke yangu. Mimi mmoja, usiku, na taa moja, nilitakiwa kukata shauri juu ya uhai wa watu kumi. Hakuna mtu awezaye kubeba mzigo kama huo. Lakini kama sisi wa nyumba kumi za mtaa wetu tungalikuwa tumepatana mapema: mgeni akija usiku, ataketi katika baraza ya nani, nani na nani watakesha pamoja naye, nani atakwenda kumwita mkubwa wa mtaa, nani atapika uji wa watoto, basi nisingalilazimika kuchagua kati ya watoto wangu na watoto wa yule mtu. Watu watano waweza kuwa waangalifu na wema kwa wakati mmoja. Mtu mmoja mara nyingi hawezi.

Kwa hiyo kosa langu halikuanza usiku ule mlangoni. Lilianza katika siku nyingi za amani zilizotangulia, ambazo sisi majirani tuliketi kila mtu kwake, wala hatukupatana neno lo lote. Huo ndio ukweli nilioufikia: maskini aliye peke yake ana udhuru, maskini walioungana hawana udhuru tena.

Somo la wavu

Jambo hili si jipya katika nchi yetu. Tungalitaka, tungalijifunza kwa wale ambao wengi wetu twawadharau. Wako Bambuti wanaowinda kwa upinde, na wako wanaowinda kwa nyavu, kama wale wa upande wa Epulu na huku kwetu. Wavu husukwa kwa nyuzi za mmea mmoja utambaao, uitwao nkusa. Ni kazi ya siku nyingi. Wavu wa jamaa moja una urefu wa mita 50 hivi, au zaidi. Sasa fikiri: katika msitu wa Ituri, mita 50 ni nini? Mboloko atazunguka pembeni na kwenda zake. Mtu mwenye wavu mmoja peke yake, hata awe hodari namna gani, atalala njaa.

Kwa hiyo hawawindi mmoja mmoja. Kila mwenye wavu anaufunga pamoja na wavu wa jirani yake, hata nyavu kumi na zaidi zinakuwa ukuta mmoja, umepinda kama nusu ya duara. Wanaume wanakaa kimya nyuma ya nyavu. Wanawake na watoto wanazunguka upande wa pili, kisha wanakuja wakipiga kelele na kupiga majani, na mnyama anakimbia kuelekea nyavuni. Basi mtoto mdogo asiyeweza kushika mkuki anafanya kazi ya kweli kwa sauti yake. Na nyama ikipatikana, haibaki kwa mwenye wavu peke yake. Inagawanywa kwa waliosaidia kukamata, na ikiisha kupikwa inaendelea kugawanywa kambini, hata aliyebaki na mgonjwa apate.

Tazameni jinsi akili ilivyo katika kazi hiyo. Hawakungoja kila mtu apate wavu mrefu. Waliunganisha zilizo fupi. Wala hawakumwambia mzee au mtoto, "Wewe huna nguvu, kaa." Walimtafutia mahali pake. Kijiji kinachongoja tajiri aje kukisaidia kinafanana na mwindaji anayengoja wavu wa kilometa moja ushuke kutoka mbinguni.

Kazi ya pamoja na kazi ya nguvu

Mtu ataniambia: "Mwalimu, kazi ya pamoja twaijua. Tumeichoka." Ana haki. Katika nchi yetu kazi ya pamoja imeharibiwa jina mara nyingi. Wakati wa Wabelgiji, amri ya mwaka 1917 iliwalazimisha watu wa vijiji kulima mazao ya kuamriwa, kama pamba na mpunga, mpaka siku 60 kwa mwaka, na asiyelima aliadhibiwa. Baadaye, miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, tulikuwa na salongo. Iliitwa kazi ya wote kwa faida ya wote, lakini ilikuwa lazima, na mara nyingi jasho lilikuwa letu, faida ilikuwa ya wakubwa. Haishangazi basi kwamba mtu akisikia "njoni tufanye kazi pamoja", anatafuta njia ya kutoroka.

Lakini tusichanganye mambo mawili. Kazi ya nguvu na kazi ya kupatana hufanana kwa macho tu: watu wengi, majembe mengi. Ndani yake ni tofauti kabisa. Katika kazi ya nguvu hakuna anayemwuliza mtenda kazi mapenzi yake, wala haambiwi faida imekwenda wapi. Katika kazi ya kupatana watu wenyewe wanakata shauri, na hesabu inafanywa mbele ya wote.

Likelemba yatuonyesha jambo hilo. Watu kumi wanaoaminiana wanakubali kila mmoja kutoa franka 5,000 kila juma. Kila juma mmoja wao anapokea franka 50,000. Hakuna aliyepata fedha ya bure. Kila mtu amepokea jumla ya alizotoa. Lakini aliyekuwa hawezi kununua mabati, sasa aweza. Na likelemba si ya fedha peke yake. Jamaa sita waweza kupatana kwamba kila Alhamisi wanalima shamba la mmoja wao kwa zamu. Baada ya majuma sita mashamba sita yamelimwa, pamoja na lile la mjane ambaye peke yake angaliacha nusu porini.

Vyama vya namna hii hufa kwa nini? Kwa kawaida havifi kwa umaskini. Hufa kwa sababu mshika fedha amekula fedha, au kwa sababu aliyepokea kwanza ameacha kutoa. Yaani hufa kwa kukosa uaminifu. Basi mtu asiye na franka hata moja, lakini ambaye watu wote wanajua kwamba hali cha mwenzake, huyo ana mali kubwa ya kuisaidia jamii. Waweza kumkabidhi daftari. Kijiji chenye watu watatu wa namna hiyo si kijiji maskini.

Msaada unaomfunga mtu

Sasa sina budi kusema neno la kutuuma. Kuna msaada unaomwinua mtu, na kuna msaada unaomfunga kamba shingoni. Sisi watu wa vijiji tumekaa na Bambuti vizazi vingi. Wao walileta nyama na asali na kazi ya mikono yao; sisi tulileta ndizi, mihogo, chumvi na vyuma. Mapatano hayo yangaliweza kuwa mazuri. Lakini wangapi kati yetu husema, "Huyu ni Mbuti wangu"? Wangu kwa namna gani? Kama jembe langu? Twampa nguo iliyochakaa, tukitaka afanye kazi ya mwezi mzima. Twamlipa kwa pombe. Kisha twasema, "Nimemsaidia sana mtu huyu."

Kipimo cha msaada wa kweli ni chepesi. Jiulize: baada ya msaada wangu, mtu huyu ana uhuru zaidi au ana uhuru pungufu? Aweza kunitazama usoni, au ainame kila anionapo? Tena, ningalifurahi kama kesho hatanihitaji tena? Mtu anayehuzunika kwa sababu maskini wake amepata shamba lake mwenyewe hakuwa akimsaidia, alikuwa akimfuga.

Yule bibi hakutuambia kamwe, "Mlikaa kwangu." Siku ya kuondoka tulitaka kumrudishia sufuria. Akasema, "Ichukueni, njiani mtapika nini?"

Ulimi nao husaidia

Tukumbuke tena siku za Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, baada ya watu kufa Mangina, na upesi ukaingia Mandima, katika nchi yetu ya Mambasa. Ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walihesabiwa 3,470, na waliokufa 2,287. Waganga walikuwako, dawa zilikuwako, hata chanjo ilikuwako; watu zaidi ya 300,000 waliipata. Mbona basi wengi walikufa? Mara nyingi kwa sababu watu hawakuamini. Wengine walisema, "Ni biashara ya wakubwa." Wengine waliwaficha wagonjwa.

Tuseme kweli: waliotoka mbali nao walikosa. Walikuja na magari na fedha kwa ajili ya ugonjwa mmoja, na watu wakajiuliza kwa nini hapakuwa na haraka kama hiyo kwa malaria, au kwa surua, ambayo tangu mwanzo wa mwaka 2019 mpaka mwanzo wa 2020 iliua zaidi ya watu 6,000 katika Kongo nzima. Anayesaidia bila kusikiliza hazai imani. Lakini uongo wetu wenyewe nao uliua. Kila aliyepeleka habari asiyoijua, sokoni au katika pombe, alitia mkono wake katika kifo cha mtu. Na kila mama aliyewaambia jirani zake, "Nimemwona kwa macho yangu, alikwenda mapema akapona", huyo aliokoa watu bila sindano. Wako waliopona ambao walirudi kuwatunza watoto wa wagonjwa, kwa kuwa ugonjwa haukuwatisha tena. Basi ulimi ni chombo cha kazi. Kusema kweli, na kunyamaza usipojua, ni msaada ambao maskini na tajiri waweza kuutoa sawasawa.

"Hao walikuwa watu wa namna nyingine"

Huenda mtu atasema: mambo haya ni ya mashujaa. Twakumbuka Padri Bernardo Longo wa Nduye, aliyeuawa hapa Mambasa tarehe 3 Novemba 1964, siku za Simba. Twakumbuka Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba mwaka ule ule, akatangazwa Mwenye Heri huko Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Twasema, "Hao walikuwa watu wa namna nyingine, sisi ni watu wa kawaida."

Basi nitawakumbusha wengine. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Novemba 2019, watu wenye silaha waliwashambulia wafanyakazi wa Ebola huko Biakato na Mangina. Wanne walikufa. Mmoja alikuwa wa kazi ya chanjo, mmoja polisi, na wawili madereva. Madereva! Kazi yao ilikuwa kushika usukani. Bila dereva, chanjo haifiki, na mganga anabaki nyumbani. Hatujui kama walijiona mashujaa. Yamkini waliona wanatafuta chakula cha watoto wao. Lakini walikuwa mahali pao, wakifanya fungu lao, katika njia ambayo wengine waliiogopa. Mtu wa kawaida aliye mahali pake ndiye anayeisimamisha nchi.

Tuanzie wapi?

Sitaki kuwaacha na mawazo matupu. Haya matano yawezekana katika mtaa wo wote, bila kumngoja mtu atoke mbali.

Kwanza, zijue nyumba kumi zinazokuzunguka. Nani ni mgonjwa? Nani ni mjane? Mtoto yupi haendi shule? Asiyejua hawezi kusaidia.

Pili, pataneni mapema. Mgonjwa akizidiwa usiku, nani wanane wa kipoyi? Mgeni akija, apokewe wapi, na nani watakuwa mashahidi? Shauri linalokatwa mchana ni bora kuliko linalokatwa usiku wa hofu.

Tatu, hesabu zote zifanywe mbele ya watu, na daftari lishikwe na mmoja, fedha na mwingine.

Nne, mpe kila mtu kazi, hata mzee, hata kipofu, hata mkimbizi mwenyewe. Asiyepewa nafasi ya kusaidia anabaki mwombaji milele.

Tano, usipeleke habari usiyoijua.

Sasa nimalize habari yangu. Asubuhi ile mke wangu aliposema neno lake, nilikwenda kanisani. Niliwakuta katika darasa moja la shule, pamoja na wakimbizi wengine. Mke wa katekista alikuwa amewapa uji. Mtu yule aliniona, akainuka kunisalimu kwanza, kana kwamba mimi ndiye mgeni. Niliona haya hata sikujua la kusema. Nilikuwa nimechukua sufuria, ile ile ya upande wa Mangina, nyeusi kwa moshi wa miaka mingi. Nilimpa mke wake.

Dominika iliyofuata tuliketi barazani, watu wa nyumba tisa. Wa nyumba ya kumi alikataa kuja. Tulipatana yale niliyoyaandika hapa juu. Hatukuwa na fedha siku ile, wala leo hatuna fedha nyingi. Lakini tangu siku ile, usiku mtu akibisha hodi, hatoki mtu mmoja na taa moja. Tunatoka watano.

Wewe msomaji, nyumba kumi za kwako ni zipi? Na ni lini mtaketi?